MAISHA YA N!XAU, MCHEKESHAJI WA KALAHARI

Usishtuke na hiyo alama iliyo ndani ya jina. Ni mlio wa ulimi, ndivyo Wasan wa Namibia wanavyotamka. Hapa Lodwar N!xau twamjua kwa sura zaidi. Ndiye yule jamaa wa sinema ya mwaka wa 1980, The Gods Must Be Crazy, aliyekwenda kutupa chupa ya soda mwisho wa dunia.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1944, upande wa Tsumkwe. Sinema ilimwonyesha kama mtu asiyejua lolote la mjini, kumbe alikuwa amewahi kuwa mpishi wa shule! Jambo hilo liliniuma. Sisi Waturkana pia hupigwa picha hivyo hivyo, shuka na fimbo tu, ati darasa hatulijui.

Sinema iliingiza mamilioni ya dola, lakini yeye alilipwa kidogo mno. Basi mwelekezi Jamie Uys alipotaka kutengeneza sehemu ya pili, N!xau hakukubali ovyo ovyo. Alidai mamia ya maelfu ya dola, apate kuijengea jamaa yake nyumba ya matofali yenye stima na pampu ya maji.

Sehemu ya pili ilitoka mwaka wa 1989, nayo ikadoda. Kule Marekani ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 30, hii ikapata milioni 6 na kitu. Mimi niliitazama Kakuma, nilipomtembelea shangazi, katika kibanda cha video. Watu walikaa kimya, wengine wakatoka kabla haijaisha. Visa vimerundikana mno: watoto wake wawili wamebebwa na lori la majangili, wakili wa New York amekwama jangwani, mara askari wawili wanatekana. Ile ya kwanza ilikuwa na chupa moja tu, ukaifuata. Hapa, baba akifuata alama za magurudumu kutafuta wanawe, nani wa huku atacheka?

Lakini siwezi kuiita hasara. Ile iliyopendwa na dunia nzima ilimwacha maskini. Hii iliyododa ndiyo iliyomjengea nyumba.

Baadaye aliigiza sinema kadhaa za Hong Kong, kisha akarudi kwao akalima mahindi, maboga na maharagwe, akafuga na ng'ombe. Gari alinunua, ila aliajiri dereva. Mwezi wa Julai mwaka wa 2003 alitoka nyumbani kwenda porini, asirudi. Walimkuta amekufa, wakamzika Tsumkwe kando ya kaburi la mke wake wa pili.