Reza Shah: Mfalme aliyewafungia mabalozi mlango, wakamng'oa

ALFAJIRI ya Agosti 25, 1941, wanadiplomasia wawili walifika nyumbani kwa Waziri Mkuu wa Iran, Ali Mansur, jijini Tehran. Mmoja alikuwa Sir Reader Bullard wa Uingereza na mwenzake Andrei Smirnov wa Muungano wa Kisovieti. Kila mmoja alibeba barua ya serikali yake. Walipokuwa wakizikabidhi, majeshi ya nchi zao yalikuwa tayari yanavuka mipaka.

Majuma matatu baadaye, Reza Shah Pahlavi, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha enzi kwa karibu miaka 16, hakuwa mfalme tena.

Mtu huyo hakuzaliwa katika kasri. Alizaliwa mwaka wa 1878 katika kijiji cha Alasht, kwenye milima ya Mazandaran, kusini mwa Bahari ya Kaspi. Baba yake, aliyekuwa mwanajeshi, alifariki mtoto akiwa angali mchanga, na mama akamchukua hadi Tehran. Akiwa kijana aliingia katika kikosi cha Kosaki, jeshi la Kiajemi lililoongozwa na maofisa wa Kirusi. Elimu yake ya darasani ilikuwa haba, lakini alikuwa mrefu, mkali na hodari wa kutumia bunduki ya rashasha aina ya Maxim, hata wenzake wakambandika jina la silaha hiyo.

Nchi aliyoitumikia ilikuwa huru kwa jina tu. Mnamo 1907, Uingereza na Urusi zilitia saini mkataba wa kuigawa Uajemi katika maeneo ya ushawishi, wenyewe wasiulizwe. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Urusi, Uingereza na Uturuki yalipigana katika ardhi yake ingawa ilikuwa imetangaza kutopendelea upande wowote. Ofisi za ubalozi za mataifa makubwa zilikuwa kama serikali nyingine ndani ya Tehran. Mwaka wa 1906, maelfu ya wakazi waliotaka katiba walikimbilia bustani ya ubalozi wa Uingereza na kupiga kambi humo kwa majuma kadhaa, kwani mfalme wao hakuthubutu kuwafuata huko.

Kinaya ni kwamba Reza mwenyewe alipanda ngazi kwa msaada wa Waingereza. Jenerali Edmund Ironside, kamanda wa majeshi ya Uingereza kaskazini mwa Uajemi, ndiye aliyemwona kuwa anafaa kukiongoza kikosi cha Kosaki. Mnamo Februari 21, 1921, kikosi hicho kiliingia Tehran na kuiangusha serikali. Reza akawa waziri wa vita, na kufikia 1923 alikuwa waziri mkuu. Wairani wengi hawakulisahau jambo hilo.

Mwakilishi wa Uingereza wakati huo, Sir Percy Loraine, alimfuatilia kwa makini. Aliamini kwamba mtu mwenye nguvu, hata kama ni mkaidi, angekuwa kinga bora dhidi ya Urusi ya Kikomunisti kuliko machifu wa majimbo ambao London ilikuwa imezoea kuwategemea. Imani hiyo ilipimwa mwaka wa 1924. Sheikh Khazal wa Mohammerah, rafiki wa Uingereza wa miaka mingi katika eneo lenye visima vya mafuta, alikataa kuitii Tehran akitumaini kwamba walinzi wake wangemtetea. Hawakumtetea. Reza alikwenda kusini na jeshi, Sheikh akasalimu amri, kisha mwaka uliofuata akakamatwa na kupelekwa Tehran alikoishi chini ya ulinzi hadi kifo chake.

Oktoba 1925, bunge liliung'oa ukoo wa Qajar, na Aprili 1926 Reza akavishwa taji. Miongoni mwa walioshuhudia sherehe hiyo ni mwandishi Vita Sackville-West, ambaye mumewe, Harold Nicolson, alikuwa afisa katika ubalozi wa Uingereza.

Mabadiliko yaliyofuata yalikwenda kwa kasi ya amri za kijeshi. Haki ya raia wa kigeni kutoshtakiwa katika mahakama za Uajemi ilifutwa mwaka wa 1928. Benki ya taifa ilianzishwa, Chuo Kikuu cha Tehran kikajengwa, na mwaka wa 1935 mataifa yote yakatakiwa kuiita nchi hiyo Iran. Fahari yake kuu ilikuwa reli ya kilomita 1,394 kutoka Bahari ya Kaspi hadi Ghuba, iliyokamilika 1938. Hakukopa senti kutoka ng'ambo. Wananchi waliilipia kwa ushuru wa sukari na chai.

Walilipa kwa njia nyingine pia. Mwaka wa 1935 wanajeshi waliwafyatulia risasi waliokusanyika katika msikiti wa Goharshad mjini Mashhad kupinga amri za mavazi ya Kizungu. Mwaka uliofuata wanawake walipigwa marufuku kuvaa hijabu. Teymourtash, waziri aliyekuwa mkono wake wa kuume, alifia gerezani 1933. Mfalme naye alijilimbikizia mashamba, hasa Mazandaran alikozaliwa, hadi akawa mmiliki mkubwa kuliko wote nchini.

Mabalozi waliyaandika yote hayo, ingawa kazi yao ilizidi kuwa ngumu. Maofisa wa Iran waliogopa hata kuonekana wakila chakula na mgeni. Mfalme alikuwa mwepesi wa kuudhika: balozi wake nchini Marekani alipokamatwa na polisi huko Maryland mwaka wa 1935 kwa gari lake kwenda kasi, Iran ilifunga ubalozi wake Washington. Baadaye alivunja uhusiano na Ufaransa kwa sababu ya mzaha wa magazeti yaliyofananisha cheo chake na neno la Kifaransa la paka.

Vita vilipozuka 1939, Iran ilitangaza kutofungamana na upande wowote. Bullard aliwasili mwishoni mwa mwaka huo, akakuta Ujerumani ndiyo mshirika mkuu wa biashara wa Iran na mafundi wake wametapakaa katika viwanda na reli. Uingereza ilidai Wajerumani hao walizidi 2,000. Serikali ya Iran ikasema hawakufika 700. Ukweli ni kwamba hesabu hiyo ilikuwa kisingizio kwa kiasi kikubwa. Baada ya Hitler kuivamia Urusi Juni 1941, Uingereza ilihitaji njia ya kumpelekea Stalin silaha, na reli ya Reza Shah ndiyo iliyokuwa njia hiyo. Isitoshe, kulikuwa na kiwanda cha mafuta cha Abadan cha kulindwa.

Jeshi alilolijenga kwa miaka 20 liliamriwa kuweka silaha chini kwa siku chache tu. Kisha idhaa ya Kiajemi ya BBC, ikitumia habari zilizotoka ubalozini Tehran, ikaanza kuwasimulia Wairani juu ya mashamba na ukatili wa mfalme wao. Wasikilizaji hawakuhitaji kushawishiwa. Septemba 16 alijiuzulu kwa niaba ya mwanawe, Mohammad Reza, na siku iliyofuata majeshi ya kigeni yakaingia Tehran.

Meli ya Kiingereza ilimchukua kutoka Bandar Abbas. Alipofika Bombay alikatazwa kushuka. Afisa wa Uingereza, Clarmont Skrine, alipanda melini kumfahamisha kwamba angepelekwa Mauritius. Kutoka huko alihamishiwa Afrika Kusini, na akafariki Johannesburg Julai 26, 1944. Mwili wake ulihifadhiwa Cairo hadi 1950 uliporejeshwa nyumbani na kuzikwa Rey, karibu na Tehran, katika kaburi la kifahari ambalo wanamapinduzi walilibomoa mwaka wa 1980.