Murray Levick: Tabibu aliyeandika siri ya ngwini

KWA karibu karne nzima, sehemu moja ya utafiti wa George Murray Levick ilifichwa isisomwe na umma.

Levick alizaliwa Newcastle, Uingereza, mwaka wa 1876. Alihitimu udaktari, akajiunga na jeshi la wanamaji, na mnamo 1910 akasafiri na Kapteni Robert Scott hadi Antaktika akiwa tabibu na mchunguzi wa wanyama.

Katika rasi ya Adare alichunguza msimu mzima wa kuzaliana kwa ngwini wa Adélie, kati ya 1911 na 1912. Huko aliona madume wakipandana wenyewe kwa wenyewe, na wengine wakipanda hata mizoga ya majike. Kwa malezi ya enzi yake, aliwahesabu ndege hao kuwa wahuni. Baadhi ya maelezo aliyaandika kwa herufi za Kigiriki ili yasisomwe na kila mtu.

Mwaka huo wa 1912, barafu ilizuia meli kuwachukua Levick na wenzake watano. Walipitisha majira ya baridi ndani ya pango la theluji, wakila nyama ya sili na ngwini. Waliporejea kambini mwezi Novemba, Scott alikuwa ameshafariki.

Ripoti ya Levick ilichapishwa mwaka wa 1915 bila sehemu ile ya aibu. Nakala 100 tu za sehemu hiyo zilipigwa chapa, zikagawiwa wataalamu wachache.

Levick alihudumu Gallipoli katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mnamo 1932 akaanzisha chama cha kuwapeleka vijana kwenye safari za uvumbuzi. Alifariki mwaka wa 1956, siri yake ikiwa bado kabatini.

Nakala moja iligunduliwa katika makavazi ya Tring, Uingereza, na kuchapishwa mwaka wa 2012. Wataalamu walieleza kwamba ngwini wachanga wasio na uzoefu hushindwa kutofautisha dume, jike na mzoga.

Kwa wanyama wengine sababu ni tofauti. Mnamo 2019, watafiti walipendekeza kuwa huenda viumbe wa kale hawakubagua jinsia walipojamiiana, na ubaguzi huo ukaja baadaye. Utafiti wa 2023 kuhusu mamalia ulionyesha kuwa tabia hiyo imezuka mara nyingi, hasa kwa wanaoishi kwa makundi, na huenda husaidia kujenga urafiki na kupunguza ugomvi.

Levick aliwahukumu ndege wake, lakini aliandika alichokiona. Uaminifu huo ndio uliookoa ushahidi ambao wakubwa wake waliuonea haya.