Okot p'Bitek: Mtetezi wa Wimbo wa Kijijini

Kabla hujaichambua kazi ya fasihi, yafaa umfahamu mtunzi wake na mazingira yaliyomlea. Ukitoka Namoruputh kuelekea magharibi, ukavuka mpaka wa Uganda na kuipita Karamoja, unafika katika nchi ya Waacholi. Huko, mjini Gulu, ndiko alikozaliwa Okot p'Bitek mwaka wa 1931. Baba yake alikuwa mwalimu, na mama yake mtunzi wa nyimbo aliyeongoza ngoma. Kwa hivyo Okot alianza kujifunza utunzi nyumbani kabla ya kuingia darasani.

Akiwa mwanafunzi alitunga opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Mwaka wa 1953 alichapisha Lak Tar, riwaya ya Kiacholi. Alikuwa pia mwanasoka hodari. Mwaka wa 1956 alisafiri hadi Uingereza na timu ya taifa ya Uganda, akabaki huko kusomea ualimu, sheria na hatimaye anthropolojia. Katika Chuo Kikuu cha Oxford alikerwa na wahadhiri walioziita jamii za Kiafrika za kishenzi.

Mwaka wa 1966 alichapisha Song of Lawino jijini Nairobi. Lawino, mke wa kijijini, anamlalamikia mumewe msomi, Ocol, kwa kuudharau utamaduni wao. Zingatia mtindo: Okot aliegemea nyimbo za Kiacholi badala ya kuazima vina na mizani ya Kizungu. Hata hivyo, usidhani kuwa kila asemalo Lawino ni msimamo wa mtunzi. Mwaka wa 1970 alimpa Ocol nafasi ya kujibu katika Song of Ocol. Tafsiri ya Kiswahili ya kazi ile ya kwanza, Wimbo wa Lawino, ni ya Paul Sozigwa.

Okot hakuishia kwenye maandishi. Akiwa mkurugenzi wa Kituo cha Kitaifa cha Utamaduni jijini Kampala, alizipa ngoma na nyimbo za vijijini nafasi jukwaani. Alipoikosoa serikali, aliupoteza wadhifa huo. Alihamia Kenya, akaanzisha tamasha la sanaa Kisumu mwaka wa 1968, kisha akafundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1974 alitoa Horn of My Love, mkusanyiko wa nyimbo za Waacholi. Baadaye alifundisha nchini Nigeria. Mwaka wa 1982 alirejea Makerere, akafariki tarehe 20 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51.

Maisha haya yanakufunza nini? Okot alipoteza kazi na kuishi ugenini kwa miaka mingi, lakini hakuacha kushikilia kwamba wimbo wa kijijini ni fasihi kamili. Nyumbani kwenu, mwanamume humtungia wimbo fahali wake ampendaye, na vijana huimba wanapocheza edonga. Unapoulizwa swali la fasihi simulizi, usikimbilie mifano ya mbali.

Zoezi: Mwendee mzee mmoja anayejua nyimbo za zamani. Andika wimbo mmoja kama anavyouimba, kisha ueleze nafsineni, dhamira na mbinu mbili za lugha. Usichelewe, kwani mwimbaji asiyerithiwa huondoka na nyimbo zake.