Vladimir Propp na Umbo la Ngano

Vladimir Propp alizaliwa Saint Petersburg, Urusi, mwaka wa 1895, katika familia yenye asili ya Kijerumani. Baada ya kuhitimu chuo kikuu mnamo 1918, alifundisha lugha katika shule za sekondari.

Wakati huo ngano ziliainishwa kwa kufuata faharasa ya Antti Aarne wa Ufini, ya mwaka wa 1910. Propp aliona kasoro yake: kwa kuwa kigezo kilikuwa maudhui, ngano moja iliweza kuwekwa mahali pawili. Awe ni joka au mchawi anayemteka binti mfalme, mtendaji hubadilika lakini tendo ni lile lile. Alichambua ngano 100 za mkusanyiko wa Afanasyev, akabainisha majukumu 31 yenye mfuatano maalumu. Si lazima ngano moja iwe nayo yote, jambo linalosahaulika mno katika tahakiki zetu.

Kitabu chake cha 1928 hakikuvuma. Kuanzia 1932 alifundisha Chuo Kikuu cha Leningrad, ambako baadaye alishutumiwa kwa kuwategemea wataalamu wa kigeni. Tafsiri ya Kiingereza ya 1958 ndiyo iliyomtangaza. Mwaka wa 1960, Claude Lévi-Strauss alimkosoa vikali. Katika majibu yake ya 1966, Propp alieleza kwamba alikusudia kuzungumzia ngano za ajabu tu. Mhariri ndiye aliyeliondoa neno hilo kwenye anwani. Kwa hiyo hurafa za wanyama hazikuwamo kamwe katika dai lake.

Propp alifariki Agosti 1970.