Najashi wa Uhabeshi: Mfalme Aliyekataa Kuwatoa Wageni Wake



Ikiwa u mwenyeji wa Shumba, au wa mji wowote wa Wilaya ya Micheweni huko kaskazini ya Pemba, huhitaji kufundishwa maana ya kuvuka bahari kwa hofu. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji waliodai uchaguzi urudiwe walipigwa risasi, na baada ya hapo watu wapatao 2,000 walikimbia kwa vyombo, wakapokewa Shimoni, katika pwani ya Kenya. Basi utamfahamu upesi mtu ninayetaka kukusimulia habari zake, ambaye miaka 1,400 hivi iliyopita aliwapokea wanyonge waliovuka bahari namna hiyo hiyo.

Najashi kilikuwa cheo cha wafalme wa Uhabeshi. Jina lake mwenyewe lilikuwa As-hama. Wanahistoria wa Kiislamu wanasimulia kwamba baba yake alikuwa mfalme, akauawa na wakubwa wa nchi, na ufalme akapewa ami yake. Wakubwa hao wakaogopa kijana asije akalipa kisasi, wakamshurutisha ami amuuze kwa mfanyabiashara kwa dirham 600. Jioni ya siku ile ile ami akafa kwa radi. Wanawe hawakuwa na akili ya kutawala, basi wakubwa wakamfuata mfanyabiashara, wakamnyang'anya kijana na kumvika taji. Mfanyabiashara alipokuja kudai fedha zake, mfalme mpya aliamua arudishiwe fedha, au sivyo apewe mtumwa wake, yaani mfalme mwenyewe! Hivyo ndivyo alivyoanza hukumu zake.

Mwaka 615, Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. alipoona wafuasi wake wanateswa Makka, naye hana uwezo wa kuwakinga, aliwaelekeza waende Uhabeshi, kwa mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Kwanza walikwenda wanaume 11 na wanawake 4. Baadaye idadi yao ikapita 80. Kosa lao lilikuwa nini? Waliacha masanamu, wakakataza kula mali ya yatima, kumwaga damu na mwenye nguvu kumla mnyonge. Maneno kama hayo huwachoma wakubwa wa kila zama.

Makureshi wakawatuma Amr bin al-As na Abdallah bin Abi Rabia pamoja na zawadi za ngozi nzuri. Wajumbe hao waliwagawia kwanza wakubwa wa baraza, kisha wakaomba wakimbizi watolewe pasipo kusikilizwa. Najashi akakasirika. Hakukubali kumtoa mtu aliyemchagua yeye kuwa kimbilio lake kabla ya kumsikia. Jafar bin Abi Talib r.a. akasimama akaeleza, kisha akasoma aya za Sura Maryam. Mfalme na maaskofu wake wakalia machozi. Kesho yake Amr akaleta shitaka jingine, kwamba watu hao wanamvunjia heshima Nabii Isa a.s. Hatari ilikuwa kubwa, lakini Jafar hakuficha imani yake: Isa ni mja wa Mungu na Mtume Wake. Najashi akakubali, ingawa wakubwa waliguna, akaamuru zawadi zirudishwe. Aliona kuwa Mungu hakumtoza rushwa alipomrudishia ufalme, basi yeye hana haki ya kula rushwa juu yake.

Huenda ukafikiri, ndugu msomaji, kwamba ni rahisi kwa mfalme kuwa mkarimu. Sivyo. Raia wake wakamwasi, wakamtuhumu kuiacha dini yao. Tazama alivyofanya: kabla hajatoka kwenda vitani aliwatayarishia Waislamu majahazi. Akishindwa, wajiokoe waende watakako, akishinda, wabaki. Yaani, roho yake mwenyewe ilipokuwa hatarini, aliwakumbuka wageni. Zubair bin al-Awwam r.a., aliyekuwa kijana, akaogelea mto juu ya kiriba kilichojazwa upepo ili akaone vita vinakwendaje. Akarudi na bishara: Najashi ameshinda.

Jafar na wenzake waliondoka kwa amani, wakamkuta Mtume s.a.w. Khaibar mwaka 628. Najashi alipofariki, mwaka 630, Mtume s.a.w. aliwatangazia watu wa Madina, akawapanga safu, akamsalia sala ya jeneza kwa takbira nne, hali mwili wake uko mbali ng'ambo ya bahari.

Maisha haya yanatufundisha kwamba ulinzi si huruma ya moyoni tu. Una kazi zake. Najashi alimsikiliza mshitakiwa, alirudisha zawadi ya mshitaki, na alitayarisha njia ya kuokoka kabla ya hatari kufika. Tarehe 10 Septemba 1969, katika mji wa Addis Ababa, huko huko Uhabeshi, nchi za Afrika zilipatana kwamba kumpa mkimbizi hifadhi ni tendo la amani, wala lisihesabiwe kuwa uadui. Na Desemba 1998 Umoja wa Mataifa ukatangaza kuwa wanaotetea haki za binadamu wanastahili kulindwa. Mapatano hayo ni mema, lakini karatasi haimfungulii mtu mlango usiku.

Basi, msomaji mpendwa, nawe jipime. Siku moja huenda akaja kwako aliyesema kweli juu ya shamba la mjane au damu ya asiye na kosa, naye anafuatwa. Wenye nguvu watakuja nyuma yake na maneno matamu, pengine na zawadi. Msikilize kwanza. Usimtoe. Na kama unaona kwamba nyumba yako haitatosha kumkinga, mtafutie chombo mapema, ungali na nafasi. Mwenyezi Mungu atujaalie moyo wa mfalme yule. Amin.