Seremala na Wakuu wa Falaki

Sisi watu wa pwani twaijua hatari ya nahodha asiyejua alipo. Zamani mabaharia waliweza kupima kwa jua na nyota wako umbali gani kaskazini au kusini. Lakini umbali wa mashariki na magharibi hawakuwa na njia ya yakini ya kuujua. Mwaka 1707 manowari nne za Kiingereza zilivunjika katika miamba ya visiwa vya Scilly, wakafa watu zaidi ya elfu. Basi mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi pauni 20,000 kwa atakayeivumbua njia hiyo, likaweka na baraza la kuamua, ambamo walikuwamo wakuu wa elimu ya falaki.

Wakuu hao waliitarajia njia hiyo kutoka katika mwendo wa mwezi na nyota. Aliyekuja nayo ni John Harrison, seremala mwana wa seremala, aliyezaliwa mwaka 1693 na ambaye hakusoma chuo kikuu. Hoja yake ilikuwa hii: dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja, basi baharia akiwa na saa ishikayo wakati wa kwao, akailinganisha na adhuhuri ya hapo alipo, ile tofauti itamjulisha mahali pake. Taabu ilikuwa kuipata saa isiyoharibiwa na mawimbi, joto wala baridi.

Insafu yatutaka tuseme kwamba hapo mwanzo Edmond Halley, mkuu wa falaki, alimpokea kwa wema, na baraza likampa fedha za kazi. Saa yake ya kwanza ya baharini ilikamilika mwaka 1735. Ya nne, ya kushikika mkononi, mwaka 1759. Mwanawe William alisafiri nayo kwenda Jamaica mwaka 1761, na kwa siku 81 ilikosea sekunde 5 tu. Baraza likasema ni bahati. Ikajaribiwa tena mwaka 1764 katika safari ya Barbados, ikafaulu. Hapo ndipo sharti lilipoongezwa juu ya sharti. Akapewa nusu ya fedha, tena baada ya kuifungua saa yake na kuieleza. Kisha ikapelekwa kwa Nevil Maskelyne, mkuu mpya wa falaki, aliyekuwa mtetezi wa njia ya mwezi, naye akatoa hukumu kuwa haitegemeki.

Mzee akamwendea Mfalme George wa Tatu, aliyeijaribu mwenyewe saa yake ya tano mwaka 1772. Mwaka 1773 Bunge likampa pauni 8,750. Alifariki mwaka 1776, naye ana miaka 83.

Kumtaka mtu ushahidi si dhuluma. Bila ya huo kila mwenye kudai angesadikiwa. Dhuluma ni ushahidi kuletwa, kisha mshindani akafanywa hakimu. Nasi tujiulize: fundi akisimama barazani kwetu na hoja yake, twaipima hoja, au twauliza kwanza ni mwana wa nani?