Samuel Ajayi Crowther, mtumwa wa zamani aliyeipa lugha ya Kiyoruba maandishi

Askofu Samuel Ajayi Crowther alifariki dunia mjini Lagos tarehe 31 Desemba 1891. Wengi wanamkumbuka kama Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kanisa la Anglikana, mwaka wa 1864. Lakini kazi yake inayotumika kila siku hadi leo ni nyingine: kuandika Kiyoruba jinsi kinavyosikika.

Alizaliwa karibu mwaka wa 1809 huko Osogun, katika nchi ambayo leo ni Nigeria. Mwaka wa 1821 wavamizi waliuteketeza mji huo, wakamteka yeye, mama yake na ndugu zake. Aliuzwa mara kadhaa, mwishowe akapakiwa katika meli ya Wareno. Mwezi wa Aprili 1822 manowari ya Uingereza iliikamata meli hiyo, na kijana huyo akapelekwa Freetown, Sierra Leone. Huko alijifunza kusoma, akabatizwa mwaka wa 1825, akawa kati ya wanafunzi wa kwanza wa chuo cha Fourah Bay.

Kiyoruba ni lugha ya toni: sauti ikipanda au ikishuka, maana hugeuka. Wasemaji wa Lingala wanalijua jambo hilo, kwa kuwa moto ni mtu na motó ni kichwa. Kiyoruba kina ngazi tatu. Ọkọ ni mume, ọkọ́ ni jembe, ọkọ̀ ni mtumbwi, na ọ̀kọ̀ ni mkuki. Wamisionari kutoka Ulaya walisumbuliwa sana na tofauti hizo. Crowther alikuwa amezisikia tangu utotoni.

Kitabu chake cha kwanza cha msamiati kilitoka mwaka wa 1843, na toleo kubwa zaidi mwaka wa 1852. Alama moja juu ya vokali ilionyesha sauti ya juu, nyingine ya chini. Nukta chini ya e, o na s zikaja kutenganisha sauti zinazokaribiana. Ndani ya kitabu aliweka pia methali za watu wake.

Mwaka wa 1846, mjini Abeokuta, alimkuta tena mama yake baada ya miaka 25. Mwaka wa 1862 nyumba yake ya Lagos iliungua, na maneno na methali alizokuwa amekusanya kwa miaka mingi zikateketea. Hakuacha kazi. Biblia nzima ya Kiyoruba, aliyoitafsiri pamoja na wenzake, ilikamilika mwaka wa 1884.

Uzee wake ulikuwa mchungu. Mwaka wa 1890 wamisionari vijana kutoka Ulaya walimnyang'anya madaraka katika misheni ya mto Niger, na alipofariki, Mzungu akawekwa mahali pake.

Herufi zenye nukta zimebaki katika vitabu vya shule. Alama za toni, kinyume chake, mara nyingi huachwa katika magazeti na ujumbe wa simu, na msomaji hulazimika kukisia kama ameandikiwa mume au jembe.